Mlango wa Maiti wa Roccasorba

Civitamorena, siku ya Mtakatifu Martino, mwaka 1317

Dada yangu Berarda,

Nakusalimu wewe, namsalimu mama, nawasalimu wanao. Na kwa kuwa sheria ya kwetu ni kwamba barua haiingii kijijini ikiwa imefumba mdomo, nawasalimu pia ninyi nyote mliosimama chini ya tao la lango mkisikiliza. Shikamoo, Padri Ubaldo. Najua unasoma haya kwa ile sauti yako ya Ijumaa Kuu. Tafadhali ipunguze, habari zenyewe si za msiba.

Baraza la mji limekata shauri. Ukuta wa Roccasorba ubomolewe, lango ling'olewe, kengele ishushwe, na watu wote wateremke kwenye kijiji kipya kinachojengwa kando ya mto. Nimekiona kwa macho yangu. Njia zake zimenyooka, visima viko karibu, na mtu halazimiki kupanda kama mbuzi ndipo afike kwake. Hakuna atakayenyang'anywa kondoo wala shamba. Wanachotaka ni ukuta tu, kwa sababu kila bwana anayegombana na mji hukimbilia kujificha nyuma ya ukuta wa namna hiyo.

Mimi nilikuwepo walipopiga kura, maana ndimi mwandishi wao. Wapo waliotaka askari watumwe siku ileile. Nikasimama, nikasema watu wa kwetu ni wakaidi lakini wana akili, tuwaandikie kwanza. Wakakubali kungoja mpaka Krismasi. Nawaombeni msiniaibishe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mguu wenyewe ukivunjika utakuwa wa watoto wenu.

Kikohozi cha mama kinaendeleaje? Anywe maziwa ya moto, aache kupanda darini.

Mdogo wako,
Nuto wa Pacifica, Mwandishi wa Baraza la Civitamorena


Roccasorba, siku ya Mtakatifu Cecilia, mwaka 1317

Mdogo wangu Nuto,

Barua yako imesomwa. Padri hakupunguza sauti, aliongeza. Alipofika pale pa kupanda kama mbuzi, mbuzi wa Lapo walilia zizini kana kwamba wameitwa, watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kwa hiyo ahsante, umetuchangamsha.

Anayeandika ni Padri, mimi nasema. Ulinifundisha herufi kwa mkaa ubavuni mwa tanuri, na kusoma nasoma, polepole. Ila mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga majivu. (Mimi Ubaldo nimeuona, nathibitisha.)

Sasa nisikilize, maana naona mji umekuosha kichwa mpaka ndani. Unatuambia tushuke mtoni. Nuto, sisi tulitoka huko mtoni! Hujui, au umelipwa usijue? Wazee wetu walikaa papo hapo mnapojenga, kwenye udongo mzuri na njia zilizonyooka. Wakaja wapanda farasi kwa njia hizohizo zilizonyooka, wakachoma kila kitu. Waliobaki walipanda huku na watoto mgongoni. Majira ya baridi ya kwanza hapakuwa na lango wala kanisa, na walikuwa wanazika kila walipoamka. Ndiyo maana kitu cha kwanza kujengwa hapa, kabla ya lango la walio hai, kilikuwa Mlango wa Maiti, unaozibwa kwa mawe na kufunguliwa kutoa jeneza tu, wakapewa watu wa nyumba yetu waulinde. Umezaliwa chumba cha pili kutoka hapo. Ulikuwa ukiweka panzi wako kwenye nyufa za mawe yake.

Tangu siku hizo amekuja bwana mwenye bendera, akaondoka. Amekuja askofu na ngazi, akaziacha ngazi, tukazifanya mazizi. Tetemeko lilikuja, likaangusha mnara, tukaurudishia. Wewe unaandika "ukuta tu". Ukuta gani? Mgongo wa jiko langu ni ukuta. Mgongo wa chumba cha Lapo ni ukuta. Kila nyumba inashika kipande chake na kukitengeneza, na kipande kikianguka wote tumeanguka. Ukibomoa ukuta huna kijiji, una vyumba vyenye pande tatu.

Nilimuuliza mama akujibu nini. Amesema: "Mwambie kijana wangu njia zilizonyooka huwafaa zaidi farasi." Halafu akasema: "Na mwambie kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Halafu alikohoa kidogo. Maziwa anakunywa, darini anapanda.

Jibu letu kwa Baraza ni hapana. Padri ameliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya pili, wasije wakasema hawakuliona.

Dada yako,
Berarda wa Pacifica, Nyumba ya Mlango


Kambini, Kinu cha Chini, siku ya Mtakatifu Lucia, mwaka 1317

Dada,

Baraza lilisomewa jibu lenu. Halikucheka. Ile ahadi ya Krismasi imefutwa, na mmeona wenyewe mahema yaliyozunguka kinu cha kusagia. Nimeletwa na Kapteni Gualtiero kwa sababu naijua njia na nawajua watu. Usinichukulie kama adui. Nikiwa hapa naweza kuzuia mengi ambayo nikiwa mbali yangefanyika bila mimi kujua.

Jana nilisimama chini ya nyumba yetu nikamwita mama. Akatoa kichwa dirishani, na kile kitambaa chake cha manjano. Nilidhani atalia. Alinitukana kwa muda mrefu kiasi kwamba askari waliacha kula wakaja kusikiliza, na wengine leo asubuhi wanayarudia. Moja linahusu joho langu, sikulielewa.

Menga muuza chumvi amepewa ruhusa ya kupanda na kushuka, kwa sababu askari nao wanamtegemea. Nimemwomba asiwabane kwa bei. Mwambie mama nilimsikia akikohoa katikati ya matusi.

Nuto


Roccasorba, siku ya Mtakatifu Stefano, mwaka 1317

Mdogo wangu,

Nimemuuliza mama kuhusu joho. Anasema mtoto wake aliondoka hapa amevaa ngozi ya kondoo aliyemchuna mwenyewe, amerudi amevaa sungura kumi na wawili waliochunwa na watu wengine, na bado anatetemeka. Anasema baridi yako haiko mwilini.

Ameniagiza pia nikuulize kama wifi yangu ni mzima, na kama amejifunza kutengeneza jibini au bado anainunua. Nimemwambia haya si maswali ya vitani. Akasema vita ni vya wanaume, jibini ni ya kila mtu.

Krismasi tulikula. Sikwambii tulikula nini, maana najua Kapteni wako naye anasomewa. Tulikula, tukaimba, na tukaimba upande wenu ili msikie. (Mimi Ubaldo: walikosea ubeti wa pili, nisamehewe mimi.)

Umesema usipokuwepo yangefanyika mengi. Huenda. Lakini mkataa kwao mtumwa, Nuto, na mtumwa hazuii kitu, hutumwa tu.

Berarda


Kinu cha Chini, siku ya Mamajusi, mwaka 1318

Dada,

Barua hii nimeifumba mdomo kwa makusudi. Iko ndani ya bonge la chumvi na Menga hajui anachobeba. Isome mwenyewe polepole, kama tulivyosoma ubavuni mwa tanuri, kisha ichome.

Nimemsikia mama kifua chake. Mimi na wewe tulimuuguza baba, kwa hiyo tusidanganyane. Hafiki masika.

Siku atakapoondoka kengele italia, nami nitaisikia. Mtatoa yale mawe ya Mlango wa Maiti, maana hakuna maiti wa Roccasorba aliyewahi kulala ndani ya ukuta. Jua halijawahi kumzamia humo. Hata watu wa askofu walivua kofia wakapisha jeneza. Nimezungumza na Kapteni. Hataligusa. Nitakuwa chini ya ngazi ya makaburi pamoja na watu wachache, nimpokee mama yangu kama inavyompasa mtoto.

Nakuomba jambo moja tu: jeneza likishatoka, usirudishe mawe. Watu wale watapita. Wataingia jikoni kwako bila kelele, watafika langoni kwa ndani, watalifungua. Hakuna atakayekufa. Kapteni ameapa mbele yangu kwamba wewe na wanao hamtaguswa, na wanao watakula mkate usiku huohuo.

Najua jinsi hili linavyosikika. Lakini njaa inaua polepole na bila kuchagua, na Kapteni hana haraka. Mlango ule ni wetu, Berarda. Ni wetu kuufunga na ni wetu kuuacha wazi.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Nuto


Roccasorba, siku ya Mtakatifu Antoni wa Mifugo, mwaka 1318

Nuto,

Bonge la chumvi lilinivunjikia mkononi juu ya chungu cha dengu. Nilisoma mwenyewe, kidole kikifuata herufi. Nikarudia, nikidhani nimekosea. Halafu nikavaa viatu nikaipeleka langoni.

Ulitegemea nini? Barua haiingii Roccasorba imefumba mdomo. Ulikuwa unasimama pale mtoto mdogo, umepanda begani kwa baba, ukisikiliza barua za watu.

Leo Padri alisoma kwa sauti ndogo. Watu waliokuwa nyuma wakamwomba arudie, akarudia. Alipomaliza hakuna aliyenitazama. Kisha Lapo akasema, bila ubaya, kwamba labda Nyumba ya Mlango ipewe watu wengine mpaka vita viishe. Hujawahi kusikia neno hilo likitamkwa, wala mimi, wala bibi yetu. Nilisimama pale na uso wangu ukaungua. Nimekukasirikia, Nuto. Sina neno la kulipamba hilo.

Ndipo mama akaja. Alishuka peke yake, ameshika kuta. Akaomba asomewe naye. Padri akasoma mara ya tatu. Mama akasema: "Hata mwindaji humngoja sungura afe kabla ya kumchuna. Mimi bado nakula, na mwanangu ameshanitia kwenye mtego kama chambo!" Watu wakacheka, wengine huku wanalia. Kisha akamgeukia Lapo. "Wewe Lapo, mbuzi wako mwenyewe humwezi, unataka mlango wangu? Niletee chokaa." Lapo akauliza ya nini. Mama akamwambia: "Ukiwa mkubwa utajua." Lapo ana wajukuu.

Chokaa imeletwa. Iko kwenye pipa jikoni kwangu. Wanangu wako wazima na mkate wako hawautaki.

Berarda

(Mimi Ubaldo naongeza langu: mtoto niliyembatiza, nimekuombea leo, lakini nilikuombea nimekunja ngumi.)


Roccasorba, wiki ya pili ya mwezi wa Februari, mwaka 1318

Nuto,

Mama hajambo. Anakula dengu. Anaomba chumvi, isiyo na kitu ndani.

Berarda

(Mimi Ubaldo sina la kuongeza.)


Kinu cha Chini, siku ya Mtakatifu Gregori, mwaka 1318

Dada,

Hii ni ya wazi. Isomeni wote.

Kila asubuhi nakwenda kusimama chini ya nyumba yetu. Kila asubuhi mama anatokea dirishani na kitambaa chake, ananitazama, anaondoka. Hatukani. Nimejaribu kumchokoza. Jana nilivaa joho nikalizungushazungusha kama tausi mbele ya jeshi zima. Hakusema neno. Dada, mwambie anitukane. Nimeona afadhali ya matusi.

Kengele ya kwenu nimeizoea kiasi kwamba ikipiga ya misa moyo unaruka, nahesabu milio nione kama ni ya msiba. Kisha namshukuru Mungu, kisha naona haya, kwa sababu najua kuna mtu mwingine hapa kambini anayehesabu pamoja nami na anasikitika.

Kapteni amechoka kungoja. Ameniuliza mahali ukuta ulipo dhaifu, na mimi nilikuwa nimeshamwambia zamani, siku ile ya bonge la chumvi. Kwa nje haupambanuki, ila mimi nilimwonyesha: pale ngazi ya makaburi inapoishia, mawe makavu yasiyo na chokaa. Ameangusha mwaloni mkubwa wa kinuni, ameuchonga ncha na kuifunga chuma. Wanaume ishirini wataubeba. Pasaka ikipita tu watapiga pale.

Chumba cha mama kiko ubavuni mwa mlango ule. Mhamishe. Sikuombi kingine safari hii. Sikuombi mfungue wala mshuke, nakuomba tu mama yangu asiwe ndani ya chumba kile mawe yatakapoanguka.

Nuto


Roccasorba, siku ya Mtakatifu Benedikto, mwaka 1318

Nuto,

Naandika kwa mkono wangu, kwa mkaa wa tanuri lilelile. Padri alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Nimeisoma langoni kabla ya kuituma, na wote wamekubali ujue.

Mama alikufa siku ya Mtakatifu Agata, asubuhi. Ukungu ulikuwa umefunika mlima, hata kinu hakikuonekana. Alikuwa amekunywa maziwa, akaniambia ya leo yameungua, akafumba macho.

Kengele haikulia. Mwanamke aliyewavisha maiti wa kijiji hiki maisha yake yote, wadogo kwa wakubwa, hakuliliwa kengele. Tulijua unasikiliza. Watu walikuja na viatu mkononi. Waliotaka kulia walijiziba midomo kwa mitandio. Ulitegemea kwamba sisi hatuwezi kumlaza maiti ndani ya ukuta. Ni kweli, hatukuweza. Mama ndiye alijua njia, na aliniambia siku ileile ya chokaa. Alisema: "Kama mji mzima unangoja nitoke, basi sitoki. Nisimamisheni mlangoni."

Tulitoa mawe ya ndani tukaacha ya nje. Unaujua mlango ulivyo, mwembamba na mrefu, umetengenezwa kwa kipimo cha mtu. Tukamsimamisha humo na sanda yake, uso umeelekea nje, upande wako. Kila nyumba ikaleta jiwe moja la ukuta wa jiko lake. Lapo alileta la kwanza, akaliweka miguuni kwake. Chokaa tuliikoroga kwa maji ya theluji.

Padri alipinga mwanzoni. Akasema hawezi kumzika mtu mahali ambapo si ardhi takatifu. Kisha alikaa, akafikiri, akachukua maji ya baraka, akaanza kuubariki ukuta wenyewe. Alipita jiko kwa jiko, kijiji kizima, kwa sababu ukuta unapita kwa kila mtu. Alibariki nyuma ya masufuria, nyuma ya vitanda, zizini kwa mbuzi. Sasa ukuta wote wa Roccasorba ni makaburi. Askofu akisikia atamvua kanzu. Lapo amesema atampa ngozi ya mbuzi.

Aliyekuwa dirishani ni mimi. Nilikuwa navaa kitambaa chake. Sikukutukana kwa sababu matusi ya mama siyawezi, ungejua mara moja. Ulipozungusha lile joho nilicheka, Nuto, nikakimbilia ndani nikalia.

Sasa unajua. Mwambie Kapteni wako apige palepale ulipomwonyesha. Wa kwanza kukutana naye atakuwa mama. Au usimwambie, akapige bila kujua. Mimi sikuombi kitu. Wala hatuogopi, kama unataka kujua hilo. Nakuarifu tu, kwa kuwa mtoto lazima aarifiwe msiba.

Berarda


Kinu cha Chini, siku ya Mtakatifu Marko, mwaka 1318

Dada,

Mmeona mahema yameondoka. Nakuandikia ujue yalivyoondoka, maana huko juu mtasema ni Padri na maji yake.

Barua yako niliisoma peke yangu, nyuma ya kinu. Niliwaza kuichoma, nikiri tu kwamba niliwaza. Nikakumbuka begani kwa baba, chini ya tao. Nikaenda pale walipouchonga ule mwaloni, nikapanda juu yake, nikaisoma kwa sauti, yote, na lile la joho. Nilisoma kama Padri Ubaldo anavyosoma. Sijui kusoma kwa namna nyingine mambo kama haya.

Nilipofika pale pa uso kuelekea nje, wale waliopangwa kubeba gogo walivua kofia. Ni watoto wa vijiji, dada, wamelazimishwa tu. Kapteni akawaamuru walinyanyue siku ileile, Pasaka isingojwe. Mmoja akamwambia, "Bwana, mimi mama yangu yu hai na ningependa abaki hai." Kapteni akamzaba kofi. Yule kijana akaokota kofia yake, akarudi nyuma, na gogo likabaki chini. Akaamuru wapige mahali pengine. Wakamuuliza ni wapi, maana ukuta mzima ni kaburi. Hapo hata mimi nilicheka, na ndipo aliponing'oa muhuri wa Baraza shingoni.

Baada ya hapo walianza kuondoka wawiliwawili, wakisingizia majani ya kukata mashambani. Jumatatu ya Pasaka Kapteni mwenyewe akapanda farasi. Mwaloni upo hapa, nimeukalia ninapoandika. Baraza litatuma wengine, kama si mwaka huu, ni mwingine. Mimi kule sina kazi tena, na wifi yako amerudi kwa baba yake. Amesema hakuolewa na mtu wa mlimani.

Sina uso wa kuomba. Ila kesho ukungu ukishuka naweza kupanda kwa ngazi ya makaburi, kwa nje, bila mtu yeyote kuniona. Nitaweka mkono juu ya yale mawe, kisha nitakwenda zangu. Hutahitaji hata kujua kwamba nimekuja.

Nuto


Roccasorba, siku ileile, jioni

Nuto,

Naandika mwenyewe tena, Padri anashika wino. Nimeacha mkaa, tumefika kwenye wino.

Hapana. Hupandi kwa ngazi ya makaburi.

Mama aliacha neno lako. Sikukupa kwa sababu sikutaka ulipate bure. Alilisema siku ya mwisho, kabla ya maziwa. Alisema: "Akirudi asinijie kwa mlango huu, hata kwa nje. Huu ni wa waliokufa, naye yu hai bado, mjinga yule. Aingie kwa lango, mchana, watu wote wakimtazama, na alitaje jina lake kwa sauti."

Basi ndivyo. Lango tunalifungua jua likitoka. Lapo ameapa kutema mate, na anaweza. Watoto wamekusanya maganda ya vitunguu na mimi sitawazuia, wamekuwa na njaa kwa sababu yako. Utasimama chini ya tao na utasema wewe ni nani na ulifanya nini, kama barua inavyosomwa. Ukimeza neno utarudishwa mwanzo. (Mimi Ubaldo nitahakikisha.)

Ukishamaliza, kuna kazi. Kila jiko hapa lina tundu pale lilipotoka jiwe la mama, na upepo unaingia. Mji ukirudi hautatukuta tunatazamana kwenye matundu. Njoo na chokaa. Na huo mwaloni uliouchonga tunauhitaji kwa boriti ya lango, tafuta ng'ombe uuburute.

Joho liache kinuni.

Dada yako,
Berarda wa Pacifica, Nyumba ya Mlango